Kanda Moja Mpaka Nzega

Kutoka Tabora mjini mpaka Nzega ni kilomita 115. Hiyo ni hesabu ya wenye barabara. Sisi wenye redio tuna hesabu yetu: ni kanda moja ya dakika 90. Ukienda mwendo wa 80, upande A unakwisha ukiwa umeipita Puge kidogo tu. Unageuza kanda, na upande B unakuingiza Nzega ukiwa na dakika nne za kutafuta pa kuegesha. Urambo, kilomita 94, ni kanda ya dakika 60 na deni juu: upande A unakuacha karibu na Ndono, upande B unaishia porini, na kilomita 14 zilizobaki unajiimbia mwenyewe.

Hesabu hii niliirithi kwa mjomba, dereva wa lori wa zamani, pamoja na boksi lake la kanda. Mjomba hakuwa mtu wa kuuliza umefika wapi. Alikuwa anauliza uko wimbo gani, na ukimtajia tu, anakwambia mbele yako kuna daraja au kuna mama anayeuza karanga. Ni hesabu nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba inataka dereva, redio, fundi, mifugo, abiria na Serikali wakubaliane wote kwa siku moja.

Tuanze na redio. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na redio zake zinakuja na desturi za kwao. Masafa ya FM ya magari hayo yanaanzia 76 yanaishia 90, wakati stesheni zetu nyingi zimejazana juu ya hapo, kuelekea 108. Ukinunua gari leo, sehemu kubwa ya nchi huisikii mpaka umtafute fundi akuongezee kifaa. Redio yangu ina matundu matatu: la kanda, la sidii, na la minidisc, visahani vidogo ambavyo Wajapani walivipenda sana na ambavyo sijapata kuviona vikiuzwa soko lolote la Tabora. Tundu hilo la tatu watoto walishalipangia kazi, wanalilisha sarafu. Gari likipita kwenye shimo baya, linatema chenji.

Halafu kuna mama wa Kijapani. Ukiwasha gari tu, kabla ya wimbo wowote, anaanza yeye, sauti laini, adabu tele. Jirani yangu mmoja alishikilia kwamba anatusalimia, na kwa muda mrefu watoto walikuwa wanamwitikia marahaba. Mpaka tukapata mtu aliyesoma huko, akatueleza kwamba mama wa watu anakumbusha kuwa kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Yaani ametoka Japani, amevuka bahari, amefika Unyamwezi, bado anadai ushuru wa njia!

Si wa kwanza, lakini. Hii njia ya kati, ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora mpaka Ujiji, ilikuwa na watozaji kabla haijajua lami. Katika karne ya 19 watemi wa Ugogo walitoza misafara hongo ya nguo, shanga na waya, na asiyelipa hakuchota maji. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga kabisa njia ya Ujiji, Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Tofauti ni kwamba Mirambo alisema mara moja, watu wakamwelewa. Huyu wetu anarudia kila ukiwasha gari.

Baada ya redio, fundi. Aliyenifungia spika za nyuma ni mtu anayeheshimika mtaani, na kwa kuwa bado ananidai, sitamtaja. Alifanya kazi safi. Besi inatikisa mpaka vioo. Ila kwa sababu anazozijua yeye na Mola wake, waya wa redio ulikutana na waya wa honi. Matokeo yake, ukipiga honi redio inazimika sekunde moja, ikirudi inaanza sidii upya, wimbo wa kwanza. Nilimrudia. Akalaza kichwa chini ya dashibodi muda mrefu, akatoka akifuta mikono, akaniuliza swali ambalo hadi leo sina jibu lake: "Kwani bosi, honi unaipigia nini?"

Naipigia ng'ombe. Anayejua barabara za kwetu anajua kwamba zimejengwa kwa ajili ya ng'ombe, magari yanaazima. Kati ya Tabora na Puge kundi la kwanza linavuka, unapiga honi, unarudi wimbo wa kwanza. Unatulia, unasikiliza wa kwanza, wa pili, unaanza kuonja wa tatu, mara mbuzi. Wimbo wa kwanza. Kuna albamu nimezinunua kwa hela yangu halali ambazo wimbo wake wa nne naujua kwa kusoma jalada tu. Mchungaji mmoja alinipungia mkono kwa furaha ng'ombe wake walipomaliza kuvuka. Kwa mara ya tatu tangu nitoke mjini, bendi ilikuwa ndiyo kwanza inajitambulisha.

Kanda za mjomba hazina ugonjwa huo, zina wa kwao. Hazikununuliwa dukani. Enzi hizo bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na aliyetaka nyimbo alisogeza redio kaseti, akabana pumzi, akabonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Kila kilichopita hewani kikaingia. Katika kanda moja "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz inakatwa katikati ya gitaa na mtangazaji anayesema ni saa mbili kamili usiku, ngoma ya taarifa ya habari inalia, kisha tak! Mjomba amezima. Mimi wimbo huo nimeukuta hivyo toka utoto, na nikiuimba bafuni natangaza na saa. Siku nilipopata sidii yenye wimbo mzima, gitaa likapiga mpaka mwisho bila kuingiliwa, nikabaki namsubiri mtangazaji. Hakutokea. Nikajiona nimeuziwa feki.

Baadhi ya kanda hizo zilipata ajali ya joto njia ya Sikonge kwenda Ipole. Huko kuna mbung'o, na mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachokwenda, hasa kikiwa cha rangi ya bluu au nyeusi. Gari langu ni la bluu. Unafunga vioo vyote, kiyoyozi kilishastaafu, mwezi wa Oktoba, na kanda zimepangwa juu ya dashibodi zikiota jua. Tulipofika, plastiki ilikuwa imejikunja pembeni. Zilikubali kucheza, ila tarumbeta zilikuwa zinalia kama mbuzi aliyebanwa na geti, na mwimbaji aliyekuwa anamsihi mkewe arudi nyumbani sasa alionekana amelewa. Kwa hali ile, mke asingerudi.

Watu wa pwani hupenda kutuuliza Tabora kuna nini zaidi ya maembe na asali. Kuna bendi. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, ukawa na Nyanyembe Jazz, ukawa na Tabora Jazz na mtindo wake wa segere matata. Shem Karenga, aliyetokea Kigoma na kufariki mwaka 2014, ndiye aliyeitungia Tabora Jazz ule wimbo wa "Dada Asha". Hata Dar es Salaam tulipeleka mkono: Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi alikotoka, na mtindo wake uliitwa saboso.

Nyimbo hizi zina tabia moja ambayo dereva anapaswa kuijua kabla hajafunga mkanda. Nusu ya kwanza ni ya maneno. Mwimbaji anashauri, analalamika, anamlaumu shemeji, na gitaa la besi linatembea kwa adabu. Gari nalo linakwenda kwa adabu. Kisha maneno yanakwisha, na linaingia lile ambalo wanamuziki wenyewe huliita chemko: magitaa yanakimbizana, tumba zinapanda, tarumbeta zinajibizana. Hapo mguu wa kulia haukuulizi. Shingo inatikisika, kidole kinagonga usukani, na mshale wa mwendo unapanda bila mtu kuupandisha.

Basi chemko liliniingia Jumapili moja sehemu yenye kibao cha 50. Nyuma ya mwembe akatoka kijana wa trafiki, sare nyeupe imepigwa pasi, tochi mkononi.

"Habari ya safari, mzee."

"Njema, afande."

"Themanini na moja kwenye hamsini. Unawahi wapi?"

"Siwahi popote, afande. Ni hilo chemko."

Akainama dirishani akasikiliza. Tabora Jazz walikuwa wamepamba moto. Nikaona kidole chake nacho kinagonga juu ya tochi, nikapata matumaini.

"Wimbo mtamu," akasema. "Sasa faini nimwandikie nani? Mpiga solo hana leseni hapa."

Lafudhi ikamuuza: Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, na mtani humwachii hivi hivi. Nikamwambia Mzaramo hawezi kuelewa mambo ya mguu, maana babu zake walikaa pwani wakisubiri pembe za ndovu zije zenyewe.

"Na babu zako walizileta kwa miguu," akajibu huku anaandika, "na hakuna hata mmoja aliyepigwa tochi. Elfu thelathini, mtani."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu historia iko upande wake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, akatembea nazo kwa muziki. Mbele alikwenda kirangozi na joho lake jekundu na manyoya kichwani, nyuma yake mpiga ngoma, na wapagazi wakiimba kwa kupokezana. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Kwihara, hapo nje tu ya Tabora, mwezi Juni. Miezi mitatu ya nyimbo, na mapigo ya njiani yalikuwa ya kutembelea. Msafara ulipokaribia kijiji ndipo baragumu, ngoma na kelele vilipopanda, ili wenyeji wajue kwamba waliofika si watu wadogo. Kwa maneno mengine, chemko la babu zetu lilikuwa la kuingilia kijijini. Leo kijijini ndipo palipo na kibao cha 50.

Na kuna jambo jingine, nalo silisemi kwa mzaha. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Miamba miwili ya muziki tunaouchezesha garini iliondokea barabarani. Faini ile niliilipa bila kinyongo.

Abiria ndio mtihani wa mwisho wa albamu. Tulikuwa tunakwenda Dodoma harusini, mke wangu mbele, mama mkwe nyuma. Tulipita njia ya Itigi, ile ambayo kipande chake cha Nyahua mpaka Chaya, kilomita 85, kilikaa miaka mingi kikisubiri lami na sasa kimenyooka mpaka kinaleta usingizi. Mtu wa Tabora haendi ugenini mikono mitupu, kwa hiyo buti lilikuwa na magunia ya mchele na karanga, na katikati ya viti vya mbele tulisimamisha dumu la asali la lita tano, mfuniko umezibwa kwa mfuko wa nailoni. Pembeni ya dumu ilikaa pochi ya sidii.

Tuta la kwanza nje ya mji nailoni ikakubali yaishe. Asali ya miombo haimwagiki kwa fujo. Inashuka taratibu, inatafuta njia, na ilipata njia ndani ya pochi. Mke wangu akachomoa sidii ya Tabora Jazz, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaikagua kwenye mwanga, akasema imetakata, akaichomeka. Na kweli ilicheza. Nyimbo tatu za mwanzo safi kabisa, barabara nyeupe, hakuna ng'ombe wala mbuzi, na kwa mara ya kwanza nikaingia wimbo wa nne. Wa nne ulikuwa "Dada Asha". Shem Karenga akaita jina la mtu wake, na hapo hapo sidii ikanata.

Asha. Asha. Asha. Asha.

Nikabonyeza kitufe cha kutolea. Hakitoi. Kile cha kuongeza na kupunguza sauti kilishang'oka siku nyingi, huwa nakizungusha kwa koleo. Koleo lilikuwa ndani ya buti, chini ya mchele. Kushusha magunia porini kwa ajili ya koleo ni kazi ambayo mwanamume mwenye mama mkwe garini anaifikiria mara mbili. Tukaendelea. Asha. Asha. Mwanzoni tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

"Baba watoto," mke wangu akaanza, sauti ya chini ile ambayo waliooa wanaijua, "huyu Asha ni nani?"

"Si wa Shem Karenga."

"Sasa mbona amepanda gari letu?"

Nikamweleza habari ya asali, lakini maelezo hayo yanahitaji ukimya nyuma yake, na nyuma yake kulikuwa na Asha, Asha, Asha. Mama mkwe alikuwa ametulia muda wote, kanga imefunika mdomo, heshima zote za ukwe zimezingatiwa. Tulipoiacha Nyahua akakohoa kidogo.

"Mwanangu, huyo Asha naye si aitike, tuendelee na safari?"

Mke wangu akanyoosha mkono, akabamiza honi kwa hasira. Redio ikazimika sekunde moja. Ikarudi. Wimbo wa kwanza!

Fundi wangu, kama unasoma hapa, samahani kwa yote niliyokusema. Kuanzia hapo tulikuwa na utaratibu: wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukikaribia wa nne tunapiga honi. Mama mkwe ndiye aliyeshika zamu ya kuhesabu, na hakukosea hata mara moja. Waendesha baiskeli waliobeba mkaa walisimama kutushangaa, gari peke yake porini, barabara tupu mbele na nyuma, linaipigia honi miti. Itigi tulishusha magunia, tukatoa koleo, tukamaliza kesi.

Mwanangu mkubwa aliona dawa ya haya yote ni flashi. Akaenda kibandani, akajaziwa nyimbo mamia kwa bei ya soda mbili, akaichomeka kwenye redio mpya aliyoinunua yeye. Sasa tunakwenda Urambo hivi: Mbaraka anaanza kusikitika, kabla hajafika mbali anaingia kijana wa singeli mwenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, baada yake kaswida, baada yake kwaya, baada yake tangazo la dawa ya meno ambalo sijui lilirekodiwaje. Mguu haujui ufanye nini. Kwa mwendo wa singeli, kutoka Tabora mpaka Ndono unafika, ila trafiki wote wa njiani wanakujua kwa jina.

Albamu haikuvizii. Wenye bendi waliipanga kwa akili zao, na ukiisikiliza mara kadhaa unajua maneno yanaishia wapi na chemko linaanzia wapi. Ukijua hilo, unaweza kuipanga na barabara. Wimbo wa mausia uanguke penye nyumba, shule na watoto wanaovuka, chemko lianguke penye miombo mitupu na lami imenyooka. Mjomba alikuwa anafanya hivyo bila kumwambia mtu, ndiyo maana aliendesha lori mpaka akazeeka nalo.

Kwa hiyo ukija Tabora kwa gari, njoo na albamu nzima, usije na vipande. Kagua upepo wa matairi, kagua maji na oili, kisha kagua mpangilio wa nyimbo. Asali iweke kwenye buti, koleo liweke mbele. Na ukiona kibao cha 50 huku magitaa yanaanza kukimbizana, punguza sauti, hata kama ni Tabora Jazz wenyewe: faini ni shilingi 30,000, na inaandikwa kwa jina la dereva.